Bakteria na seli za mwili: si 10 kwa 1, ni karibu sawa kwa sawa

Husemwa mara nyingi kwamba tuna bakteria 10 kwa kila seli 1 ya mwili, lakini hesabu hiyo imeshapitwa. Chanzo chake ni makadirio ya harakaharaka ya mwaka 1972, watu wakawa wananakiliana tu. Mwaka 2016 watafiti Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walipiga hesabu upya: mwanamume wa kilo 70 ana bakteria kama trilioni 38, na seli zake mwenyewe kama trilioni 30. Makadirio yale ya zamani yalichukua msongamano wa bakteria wa utumbo mpana yakaufanya kuwa ndio wa mfumo mzima wa chakula, ilhali tumboni kwenyewe na kwenye utumbo mwembamba ni wachache mno. Uzito wa bakteria wote wa mwilini ni kama gramu 200, si kilo 2 (hiyo nayo inasambazwa sana).

Ila angalia: zaidi ya asilimia 80 ya seli zetu ni chembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini. Ukihesabu zenye kiini tu, bakteria wanarudi kutuzidi mara 10 hivi. Kwa maoni yangu, kinachotikisa zaidi wazo kwamba "mwili wangu" ni wangu peke yangu si idadi ya bakteria bali tunavyogawana bakteria hao: utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2023 ulionyesha kuwa wanaoishi nyumba moja wana bakteria wa ukoo uleule, wa utumboni na hasa wa mdomoni, hata kama si ndugu wa damu.