Ladha ikipotea, usikilaumu kilicholiwa

Neno ladha tumelitoa katika Kiarabu, ila kwetu limebaki zaidi ulimini. Wanafalsafa wa Kiislamu waliliacha na upana wake: ladha ya kula, ya kushinda, ya kuelewa, ya kumjua Mola. Usipoliweka hilo akilini, utawasoma ukidhani wanazungumzia tumbo tu.

Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyefariki mwaka 925, anaiona ladha kuwa ni kurejea katika hali ya asili baada ya kutolewa humo. Mtu ametulia kivulini. Anatoka kwenda jangwani, jua linamchoma, kisha anarudi palepale. Anaburudika mno, lakini mwili ukishapoa burudani inakwisha, na kivuli ni kilekile. Raha ya namna hii hulipiwa kwanza kwa maumivu. Ni hoja nzito, ila inakwama kwa mtu anayeelewa ghafla jambo ambalo halijawahi hata kumsumbua. Alitoka kwenye maumivu gani?

Hapo mshike mwanafalsafa na tabibu Ibn Sina (aliyefariki 1037). Katika kitabu chake al-Isharat wa-l-Tanbihat, ladha ni kutambua na kupata kile ambacho, kwa anayetambua, ni ukamilifu na kheri. Usiruke neno hata moja. Kutambua bila kupata ni kuwazia tu. Kupata bila kutambua ni kama afya: unayo, lakini huisikii, kwa sababu hali ikishazoeleka hisia hunyamaza. Na lile "kwa anayetambua" ndilo wasomaji wengi hulipita haraka: mgonjwa huchukia kitamu, aliyeshiba hukinai chakula kizuri. Chakula hakijabadilika, kizuizi kiko kwa mlaji.

Basi ibada au masomo yakikauka, kagua kwa mpangilio huo. Je, unakipata kitu chenyewe, au unakiwazia tu? Akili ipo, au ulimi unakwenda peke yake? La mwisho, umeshiba nini kingine? Ondoa kwanza hicho kilichokushibisha. Kosa la kawaida ni kuongeza kiasi kabla ya kuondoa kizuizi, na aliyekinai ukimwongezea sahani unamzidishia karaha.

Ukitaka kujua ladha ipi imekutawala, tumia kipimo cha Ibn Sina mwenyewe: mcheza sataranji huletewa chakula akakiacha, kwa ajili ya ushindi tu. Tazama wewe unaacha nini, na unakiachia nini.