Kidani cha "nishati ya uhai": kile kipimo cha semina kilisoma nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama mkwe wangu ana kisukari. Mwezi uliopita alikwenda semina ya bidhaa za afya akarudi na vidani vitatu vya jiwe jeusi: chake, changu na cha mwanangu wa miaka minne. Wanasema vina nishati ya uhai inayosafisha damu. Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. Naomba kujua kama ni lazima tuvianike juani kila Jumapili ili vipate chaji, na kama mjamzito anaruhusiwa kulala nacho. Mwanzoni sikuamini, ila mama anasema waliweka kipimo juu ya jiwe mbele ya watu wote, kikasoma zaidi ya 2,000. Kwenye kokoto ya kawaida kikasoma karibu na sifuri. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti. Usilale nacho, na mtoto asilale nacho. Vueni leo. Suala la kuanika juani lisikusumbue, hakuna kitu ndani ya jiwe hilo kinachojazwa na jua.

Ninachotaka kukieleza ni hicho kipimo, kwa sababu ndicho kinachowaangusha hata watu waliosoma. Kila baada ya muda mfupi ananijia mtu na hadithi hii hii: "Hata mimi nilikuwa mbishi, lakini mashine haidanganyi." Ni kweli, mashine haikudanganya. Aliyedanganya ni aliyeisoma.

Kifaa wanachobeba huitwa kipima ioni. Aina inayotumika kwenye mawe ina kihisi cha mionzi ndani yake. Kinahesabu mionzi inayotoka kwenye jiwe, kisha kinaigeuza hesabu hiyo kuwa "idadi ya ioni", yaani chembe za hewa zenye chaji, kwenye kioo chake. Mionzi ikipita hewani hugonga chembe za hewa na kuziacha na chaji, kwa hiyo ioni zipo kweli. Lakini kokoto ya mtaani isome karibu na sifuri na jiwe lililokaa tu mezani, bila betri wala waya, lisome maelfu? Mimi ninayefanya kazi na mionzi hospitalini nikiona hivyo sisemi "nishati ya uhai". Nasogea nyuma, kisha nauliza kama ndani kuna thoriamu au urani, madini yanayotoa mionzi.

Na imeshaonekana. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitangaza bidhaa kumi za namna hii, vikiwemo vidani, bangili na kitambaa cha kufunika macho usiku, na kuwaambia wananchi waache kuzivaa kwa sababu zilikuwa zinatoa mionzi. Walisema kiwango ni kidogo, lakini anayevaa mchana na usiku kwa mwaka mzima anaweza kuvuka kikomo cha mionzi kinachoruhusiwa kwa ngozi. Hapo ndipo swali lako la kulala nacho linapokuwa na uzito. Anayevaa saa moja kwenda harusini hana neno. Ubaya wa vidani hivi ni kwamba muuzaji mwenyewe anasisitiza usivue kamwe.

Sisemi chako kina thoriamu. Vingine ni kioo cheusi tu, na mwenye kioo amepoteza fedha yake basi. Lakini kama simulizi ya mama ni sahihi, chenu si kioo.

Usihangaike na ujauzito kwa wiki hizi chache. Mionzi mingi ya kitu kidogo kama hicho inaishia kwenye ngozi iliyokigusa, na inayofika tumboni ni kidogo sana. Mimi hoja yangu ni nyingine. Nikimpiga mtu eksirei ya mguu, nampa mionzi na yeye anapata picha ya mfupa uliovunjika. Sheria za kazi yetu zinataka kila dozi iwe na faida ya kuihalalisha. Kidani kina faida gani? Wanajibu kwa mchezo wa mkono: nyoosha mkono, nikusukume, umeyumba, vaa kidani, nikusukume tena, umesimama. Mara ya pili umeshajiandaa, na msukumaji hubadili kidogo pembe ya kusukuma bila wewe kujua, wakati mwingine bila hata yeye kujua. Siku moja tulifanya jaribio hilo kazini kwa viberiti viwili, kimoja na kidani, kingine na kokoto ya uzito ule ule, anayesukuma na anayesukumwa wote hawajui kipi ni kipi. Nguvu za kidani ziliisha hapo hapo.

Hadithi yenyewe ni kongwe. Wilhelm Reich, daktari aliyetokea Austria na kuhamia Marekani mwaka 1939, alidai amegundua nishati ya uhai aliyoiita ogoni, akajenga makabati ya mbao na bati ya kuikusanya ili wagonjwa wakae ndani. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa kwamba joto la juu ya kabati linazidi kidogo lile la chumbani. Mwaka 1941 alimpelekea Albert Einstein kasanduku akapime. Einstein akalikuta joto hilo kweli, kisha akaona linatokana na hewa inayozunguka kati ya dari na meza. Kipimo kilikuwa sawa, maelezo ndiyo yalikuwa ya uongo, kama kwenye semina yenu. Miaka kumi baadaye Reich aliingiza radiamu, metali inayotoa mionzi mikali, kwenye kabati lake akitarajia ogoni itaizima, na wasaidizi wake wakaugua. Alifia gerezani mwaka 1957 baada ya kukaidi amri ya mahakama kuhusu makabati hayo. Serikali ilichoma vitabu vyake, upuuzi mtupu, maana wauzaji wa leo wanautumia kama ushahidi kwamba alijua siri.

Na kabla yake kulikuwa na Radithor, maji ya radiamu yaliyouzwa Marekani kwa chupa kama dawa ya kuongeza nguvu. Tajiri Eben Byers alikunywa chupa kama 1,400, taya likaoza, akafa mwaka 1932. Ninamtaja kwa sababu wauzaji wenu hushauri kidani kitumbukizwe kwenye glasi ya maji ya kunywa. Msifanye hivyo. Pia msikitoboe, msikisage, msikichome: vumbi lake likiingia mapafuni ni hatari kuliko jiwe likiwa zima. Viwekeni vyote kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na vitanda, kisha mpigie Tume ya Nguvu za Atomiki mkaulize pa kuvipeleka. Walio Kenya wawaone Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia.

Hukuniambia kama mama amepunguza dawa. Wengi hupunguza, na sukari huwafikisha wodini kabla mionzi haijawafanya lolote. Muulize kwa upole, bila kumwaibisha mbele ya watoto. Kama ameacha, mpeleke kliniki kesho asubuhi na mfuko wa dawa zake, hata zile zilizobaki nusu.