Anza polepole kuliko unavyotaka: niliyojifunza katika marathoni tano

Nusu ya kwanza ya marathoni yangu ya kwanza niliikimbia kwa saa 2 na dakika 3. Ilikuwa Moshi, mwanzoni mwa Machi 2018. Kibo kilikuwa kimejitokeza chote bila wingu, na kulikuwa na kabaridi ambako sisi tunaotoka Dar es Salaam hatukajui, maana kwetu mtu huloa jasho kabla hata jua halijachomoza. Hewa ile ilinidanganya. Nilijiona mwepesi, nikawa napita watu, nikawapungia mkono watoto waliojipanga kando ya barabara kuu. Nusu ya pili ilinichukua saa 3 na dakika 18.

Anayeijua njia ya Kilimanjaro Marathon ameshaelewa kilichonipata. Unaanza na kipande kirefu cha barabara ya kwenda Dar, ambacho hakikusumbui miguu, kisha unarudi mjini. Pale ambapo mwili umeanza kudai chake, ndipo barabara inapoinuka kuelekea Mweka. Kwa macho si mlima wa kutisha. Ni mpando mrefu kati ya migomba na mibuni, na kila ukikata kona ukidhani umeisha, unaendelea. Nilikata moto kabla sijafika juu. Miguu ilikuwepo, pumzi ilikuwepo, lakini nguvu hazikuwepo kabisa, kama jiko lililoishiwa gesi huku sufuria ikiwa bado mbichi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya kibanda chake akaniambia, "Pole mwanangu, nenda taratibu, utafika," akanipa ndizi mbivu. Niliila nikitembea, machozi yakinitoka. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 21.

Baada ya hapo nimekimbia marathoni nyingine nne. Moshi tena mwaka 2019, saa 5 na dakika 2. Nairobi mwaka 2022, saa 4 na dakika 49. Moshi 2023, saa 4 na dakika 38. Na Moshi 2025, saa 4 na dakika 24. Mimi ni mhasibu, nina miaka 43 na watoto wawili, na shuleni sikuwahi kuchaguliwa kwenye timu yoyote ya riadha. Wenzangu kazini wanaponiuliza, "Dada, hiyo saa nzima umeipunguzaje?" huwa wanasubiri niwatajie raba fulani au chakula fulani. Ninachowajibu ni kwamba nimejifunza kukimbia polepole, na imenichukua miaka kukubali kwamba hilo ni jambo la kujifunza.

Sababu yake ni hii. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na kwa wengi wetu akiba hiyo haitoshi kutufikisha kilomita 42 na mita 195 tukienda kwa kasi. Mafuta ya mwili yapo tele, hata kwa mtu mwembamba, ila hutoa nguvu taratibu. Ukikimbia kwa kasi, mwili unachota wanga kwa wingi. Ukikimbia kwa utulivu, sehemu kubwa ya nguvu inatoka kwenye mafuta, na wanga unabaki kwa ajili ya baadaye. Mtu akikata moto kilomita ya 30, mara nyingi kosa alilifanya kilomita ya 5, wakati anajisikia vizuri kuliko siku zote. Na mazoezi ya taratibu, ukiyafanya wiki baada ya wiki, ndiyo yanayoufundisha mwili kutumia mafuta vizuri zaidi na kuongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli. Mabadiliko hayo hayaji kwa wiki mbili za kujikamua.

Polepole ni kiasi gani? Nina kipimo kisichohitaji saa ya bei kubwa: salamu. Alfajiri mitaani kwetu unakutana na walinzi, mama wa vitumbua na wazee wanaorudi msikitini. Mzee nikishamwamkia, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, nami nikaweza kumjibu zote na kumuuliza zake bila kukatisha kwa pumzi, basi nipo kwenye mwendo wangu. Nikijikuta naishia kwenye "salama" tu, nimezidisha. Kwangu mwendo huo ni kama dakika 7 na nusu kwa kilomita, wakati marathoni yangu ya mwisho niliikimbia kwa wastani wa dakika 6 na sekunde 15. Watu hawaamini tofauti hiyo. Kwa miaka miwili nilifanya kinyume: kila zoezi lilikuwa mashindano, kila Jumamosi nilitaka kuivunja Jumamosi iliyopita, na siku ya mbio nilifika nimeshachoka.

Sasa nakimbia siku nne kwa wiki. Siku mbili ni za salamu, kilomita 8 hadi 10. Siku moja ni ya milima, na kwa Dar nimeipenda Mlimani, barabara za ndani ya Chuo Kikuu, kwa sababu kuna kivuli na magari ni machache asubuhi. Napanda kwa nguvu kiasi, nashuka nikitembea, mara sita, baadaye mara nane. Kushuka nako kunahitaji mazoezi. Ukitoka Mweka unashuka kwa muda mrefu, na kushuka kunaumiza misuli ya mbele ya paja kuliko kupanda. Mwaka 2019 niliupanda vizuri kiasi, kisha mapaja yakakataa kwenye mteremko, kwa sababu sikuwa nimeyaandaa kwa hilo.

Siku ya nne ni Jumamosi, mbio ndefu. Hii ndiyo roho ya marathoni, na kwa mtu wa Dar anayejiandaa kwa Moshi inakuja na tatizo lake. Mbio zikiwa mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, kilele cha mazoezi kinaangukia Januari, katikati ya msimu wa kaskazi, joto na unyevu vikiwa juu kabisa. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Hewa ikiwa imeshiba maji jasho halikauki, linadondoka tu, na moyo unalazimika kwenda mbio kwa mwendo uleule uliokuwa rahisi Julai. Niliteseka sana kabla ya kuelewa kwamba kaskazi inataka nipunguze mwendo tena, chini ya ule wa salamu. Siku hizi natoka saa 10 alfajiri. Napita Daraja la Tanzanite maji yakiwa meusi bado, naelekea Coco Beach, na jua likianza kuchoma nimebakiza kilomita chache. Januari moja nilijipima kwenye mzani kabla na baada ya kilomita 24: nilikuwa nimepungua kilo 1.9, na hapo nilikuwa nimekunywa maji njiani.

Kwa wanawake wenzangu: saa 10 alfajiri usitoke peke yako. Tuko watano, tunakutana sehemu moja, na asiyefika anapigiwa simu. Asiyekuwa na wenzake aanze saa 12 kukishakucha, akubali kufupisha. Na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kapimeni damu. Mwaka 2021 nilikuwa nachoka kwa kilomita 6, nikajilaumu kwa uvivu miezi mitatu mizima. Kipimo kikaonyesha nina upungufu wa damu. Hedhi nzito na mazoezi mengi ni mzigo kwa akiba ya madini ya chuma mwilini. Baada ya dawa alizoniandikia daktari, na dagaa na maharage kwa wingi nyumbani, nilirudi kuwa mtu.

Mbio ndefu naziongeza kilomita mbili hivi kwa wiki, na kila wiki ya nne naipunguza ili mwili ujenge. Nafika kilomita 32 mara mbili au tatu, basi. Sijawahi kukimbia 42 mazoezini na simshauri mtu kama mimi afanye hivyo. Itakuchukua wiki kadhaa kurudi sawa. Wiki tatu za mwisho napunguza kabisa, na hapo ndipo kila maumivu ya kubuni yanapojitokeza, goti hili, kisigino kile. Ni wasiwasi. Usitoke kwenda kujihakikishia kwa kilomita 25 siku nane kabla ya mbio.

Maumivu ya kweli ni habari nyingine. Mwishoni mwa 2019 nilianza kuumwa ugoko wa kushoto. Nikafunga kitambaa, nikapaka dawa za kuchua, nikaendelea. Januari nilikuwa naumia hata nikishuka kwenye daladala. Sisi Watanzania tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico City mwaka 1968 na akamaliza marathoni ya Olimpiki wa mwisho, goti likiwa limefungwa bendeji. Naiheshimu habari hiyo kwa moyo wote. Lakini yeye alikuwa mbele ya dunia, amevaa jina la nchi, kwenye mbio alizotumwa kuzikimbia. Mimi nilikuwa kwenye zoezi la Jumanne. Mtaalamu wa viungo aliniambia mfupa ulikuwa karibu kupata ufa, akanisimamisha wiki nane. Marathoni ya 2020 niliikosa, na ilikuwa haki. Kanuni yangu leo: maumivu yanayobaki sehemu moja, yakizidi kadiri ninavyokimbia, yananirudisha nyumbani siku hiyohiyo.

Chakula sikitilii mkazo mkubwa kama wengi. Wali, viazi vitamu, ndizi, ugali, tunavyo vyote, na siku mbili kabla ya mbio naviongeza kidogo na kupunguza maharage na mboga zenye nyuzi nyingi. Usiku wa kuamkia mbio sili kitu kigeni. Njiani natumia tende, nimezitoa kokwa na kuzinyunyizia chumvi, mbili kila baada ya dakika 40, kuanzia mapema kabla njaa haijanifikia. Zile jeli za sukari za wakimbiaji zinazouzwa dukani zinafaa kama tumbo lako linazikubali, ila zijaribu kwenye mbio ndefu kwanza. Maji nakunywa kila kituo, funda kadhaa, bila kujijaza. Kunywa maji mengi kupita kiasi kunapunguza chumvi kwenye damu, na mtu anaweza kuzidiwa vibaya.

Nairobi ilinifunza utii. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mimi nilitoka pwani siku mbili tu kabla. Kilomita ya kwanza pumzi zilinibana kama vile nimepanda ngazi za ghorofa tano. Nikajiambia mpango wa Dar haupo tena, nikajishusha sekunde 30 kila kilomita, nikawaacha watu waondoke. Kwenye Southern Bypass barabara inapanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kuzoea. Kuanzia kilomita ya 28 nikaanza kuwakuta walewale waliokuwa wameniacha. Sikuwa nimeongeza mwendo hata kidogo. Ni wao walikuwa wanatembea, na kila niliyempita nilimwambia pole kwa dhati, kwa sababu namjua mtu yule, nilikuwa yeye kule Mweka.

Septemba 2025 nilimtazama Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu akitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo. Alikaa na kundi la mbele kwa utulivu karibu njia nzima, akaja kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Wote wawili walipewa saa 2:09:48. Nililia sebuleni, watoto wakanishangaa. Mwendo wake na wangu ni dunia mbili, ila ile hali ya kuzuia nguvu yako kwa zaidi ya saa mbili, ukijua unayo, niliitambua.

Kwa hiyo siku ya mbio nafanya hivi. Najipanga nyuma kuliko ninavyostahili, ili umati unizuie. Kilomita 5 za mwanzo nakimbia polepole kwa sekunde 15 hadi 20 kila kilomita kuliko mwendo ninaoutaka, hata kama mwili unanilaumu. Mpaka kilomita ya 21 nataka niwe bado naweza kusalimiana, japo kwa kifupi kuliko mazoezini. Mweka napanda kwa pumzi, saa siiangalii; mwendo ukishuka ushuke. Nikigeuka juu ndipo najiuliza kwa mara ya kwanza kama nina kitu. Mwaka 2025 nilikuwa nacho. Nilishuka mapaja yakiwaka moto lakini yakinitii, nikawa nahesabu watu ninaowapita, nikafika 61, nikaacha kuhesabu. Karibu na pale mama aliponipa ndizi nilitazama kibandani. Kulikuwa na kijana anauza vocha. Nilimpungia, akanipungia.

Kama unafikiria mbio za Moshi mwakani, anza sasa kwa kutembea na kukimbia kwa kupokezana, dakika kwa dakika, mara tatu kwa wiki. Kama hujawahi kumaliza kilomita 21, jiandikishe kwa hizo kwanza. Nazo zinapanda Mweka. Tafuta mahali pa kulala na tiketi ya basi miezi miwili kabla, kwa sababu wiki ile mji hujaa. Paka mafuta ya mgando kwapani na mapajani kabla ya kuanza. Kata kucha za miguu siku tatu kabla. Na Jumatatu yake, kama unaweza, omba ruhusa kazini, maana ngazi utazishuka kinyumenyume.