Inouye alipoteza mkono Italia, si Vietnam

Unasema Daniel Inouye, seneta wa Marekani kutoka Hawaii, alipoteza mkono Vietnam, na kwamba Bungeni alianzia Seneti. Hapana, ilikuwa Italia, Aprili 1945, wiki chache tu kabla vita kwisha Ulaya. Inouye alikuwa luteni usu katika kikosi cha 442 cha jeshi la Marekani, kile cha Wamarekani wenye asili ya Japani. Mkono wa kulia ulipigwa akiwa ameshika guruneti. Akalibandua kwa mkono wa kushoto na kulirusha. Ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo, akasoma sheria.

Na hakuanzia Seneti. Hawaii ilipokuwa jimbo mwaka 1959 aliingia kwanza Baraza la Wawakilishi, akahamia Seneti 1963 na kubaki huko hadi alipofariki Desemba 2012. Nishani ya juu kabisa ya kijeshi aliipata 2000, miaka 55 baadaye!

Labda unamchanganya na mbunge John Murtha, huyo kweli alipigana Vietnam. Au Bob Dole, aliyekuja pia kuwa seneta, naye alijeruhiwa Italia mwezi huohuo. Dole na Inouye walilazwa hospitali moja Michigan, na Inouye mwenyewe alisimulia kwamba wazo la kugombea Bunge alilipata kwa Dole. Cha kuchekesha, Inouye alimtangulia Dole kufika Bungeni.