Maswali yenu: Kutembea tena baada ya mshtuko wa moyo

*Daktari, nina miaka 58, nimetoka hospitali wiki iliyopita. Watoto hawataki hata nijichotee maji ya kunywa. Ni kweli nikijisogeza moyo utapasuka?*

Waambie wanao nawaelewa, maana hata sisi madaktari tuliamini hivyo. Zamani mgonjwa wa moyo alilazwa kitandani wiki kadhaa, akilishwa na kuogeshwa. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Boston, walieleza jinsi walivyowakalisha wagonjwa wao kitini tangu siku za mwanzo. Wengi walihofia kwamba wagonjwa hao wangekufa, lakini walipata nafuu. Kulala mno ndiko kulikokuwa na madhara: damu iligandia miguuni na misuli ikalegea, na moyo nao ni msuli.

Siku hizi mgonjwa aliyetulia huanza kutembea akiwa bado wodini. Kwa hiyo maji jichotee. Kama daktari wako hajakuwekea masharti mengine, tembea dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, mara mbili kwa siku, kisha ongeza kidogo kidogo hadi ufikie dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Anza taratibu na umalize taratibu. Ukisimama ghafla, shinikizo la damu linaweza kushuka ukapata kizunguzungu. Na ukiwa umeshiba sana, subiri kwanza.

*Nitajuaje nimezidisha? Saa yangu inaonyesha mapigo hayapandi hata nikikaza mwendo.*

Huenda ni dawa. Wengi wenu mnatumia beta bloka, ambazo hupunguza kasi ya mapigo, kwa hiyo saa hiyo isikutulize wala kukutisha. Sikiliza pumzi yako. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa akisali kwa sauti akitembea. Sala ikikatika katikati ya neno, alipunguza mwendo. Sijaona kipimo rahisi kuliko hicho. Ukiweza kusema sentensi nzima, uko sawa. Ukiweza hata kuimba, ongeza mwendo kidogo.

*Na kubeba ndoo?*

Bado. Sehemu ya moyo iliyoumia huchukua wiki kadhaa kujenga kovu imara. Daktari akikuruhusu, anza na mzigo mdogo na usibane pumzi unapouinua.

*Mume wangu alipata mshtuko miezi miwili iliyopita. Tangu hapo hanigusi, nami naona aibu kumuuliza daktari.*

Dada, aibu hiyo iwekeni kando, mwende wote wawili. Kwa kawaida, mtu anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema sana, moyo wake unalimudu tendo la ndoa. Nasisitiza jambo moja: kama anatumia dawa ya naitreti, yaani ya kutanua mishipa ya damu kifua kisibane, ile ya kuweka chini ya ulimi ikiwemo, asimeze kabisa vidonge vya kuongeza nguvu za kiume. Vikikutana, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kumuua.

*Kifua kikibana nikiwa njiani?*

Simama, kaa chini, weka dawa yako chini ya ulimi. Dakika 5 zikipita na bado kinabana, piga simu ya dharura. Jasho baridi likikutoka, au ukihisi kuzirai, usizisubiri hizo dakika 5. Usijiendeshe gari kwenda hospitali, na usirudi nyumbani kwanza.