Msamaha wa matibabu hauombwi siku ya kuruhusiwa

Simu ya safu hii imejaa tena, na zaidi ya nusu ya ujumbe ni swali moja lililobadilishiwa nguo tu. Naanza nalo tulimalize.

Mama amelazwa tangu Jumatatu, Ijumaa anafanyiwa upasuaji. Hana bima. Nikimkatia leo, kadi itawahi? (Tabata)

Haitawahi.

Mtoto wangu ana tundu kwenye moyo, tumegundua juzi. Kadi ya bei nafuu ya mtoto ni ipi? (Kahama)

Pole sana, mama. Swali lako ni ndugu wa lile la Tabata, ila kwa mtoto nashindwa kukujibu neno moja.

Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wakasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, wakataka watoto waje kwa makundi kupitia shuleni. Wazazi walipiga kelele, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini sababu waliyoitoa naijua kwa macho yangu: mwenye watoto wanne alikuwa anamkatia kadi yule anayeumwa, wazima watatu anawaacha. Ni kikoba ambacho kila mwanachama anajiunga siku ya kukopa. Kadi ikaja kurudishwa, lakini tabia yetu haijabadilika. Hata kadi ikipatikana leo, uliza kwanza muda wa kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi.

Hukuniambia umri wa mtoto, na hapa umri ndio kila kitu. Kama hajafikisha miaka mitano, sera ya afya inamtambua kama wa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Kama ameshavuka, anza na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali inayokuandikia rufaa, si wa hospitali unayokwenda. Aandike hali yako kabla hujapanda basi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili huwa na kambi za upasuaji wa watoto zinazoshirikisha madaktari kutoka nje. Mwambie ofisa aulizie ratiba. Pesa ya kadi iweke kwanza kwa ajili ya nauli.

Mimi ni mzee wa miaka 67. Kadi ya wazee ninayo. Kila nikienda naandikiwa dawa, dirishani naambiwa hakuna, nikanunue duka la nje. Kadi hii ina kazi gani? (Songea)

Shikamoo, mzee wangu. Kadi yako ni ya msamaha, si ya bima, na tofauti yake watu hawaambiwi.

Mwenye NHIF akitibiwa, hospitali inapeleka madai kwa Mfuko, Mfuko unalipa. Wewe ukitibiwa kwa msamaha, hakuna anayelipa. Gharama yako inabaki palepale hospitalini. Na pesa wanayochangia wagonjwa papo kwa papo ni sehemu ya pesa inayokwenda Bohari ya Dawa kuleta shehena nyingine. Kituo chenye wazee wengi, wajawazito wengi na watoto wengi kinatoa huduma nyingi zaidi na kinakusanya kidogo zaidi. Halafu tunashangaa rafu ziko tupu.

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, na misamaha ikaja pamoja nao ili maskini wasiachwe nje. Wazo zuri kabisa. Kilichosahaulika ni kusema bili ya msamaha itatoka mfuko gani. Zaidi ya miaka 30 baadaye tunabandika ukutani bango la kuwatanguliza wazee, na bango halinunui vidonge vya presha. Kwa hiyo yule binti wa dirishani usimgombeze. Hajaficha dawa chini ya meza. Au tuseme, mara nyingi hajaficha.

Fanya hivi. Ukiwa bado ndani kwa daktari, muulize: "Katika dawa hizi, ipi ipo dirishani leo?" Mara nyingi ipo mbadala inayofanya kazi ileile. Ukishatoka kwenye kile chumba, kumrudia daktari ni foleni nyingine. Pili, una mtoto aliyeajiriwa? Mchangiaji wa NHIF anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wamo. Nimewaona walimu na maaskari wenye nafasi mbili tupu kwenye fomu, huku baba zao wakipanga foleni ya msamaha alfajiri. Mpigie simu mwanao leo jioni.

Tunasikia kuna msamaha kwa wasiojiweza. Unaombwaje? Mwenyekiti wetu hajui. (Kilosa)

Anajua. Hataki kuandika barua.

Nilikalia kiti cha ustawi wa jamii miaka tisa, kwenye hospitali ya wilaya nisiyoitaja. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya stoo ya vitanda vibovu, mlango hauna kibao. Wagonjwa walituona siku ya kuruhusiwa, bili mkononi, ndugu wameshaanza kukwepa simu. Siku moja akaja mzee mmoja na barua aliyoikunja mpaka mikunjo imetoboka, akaitandaza mezani kwa viganja viwili kama anayenyoosha noti. Iliandikwa: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba asaidiwe. Wako katika ujenzi wa taifa." Muhuri wa rangi ya zambarau, saini, basi.

Barua hiyo ilinisaidia nini? Mkazi hata tajiri ni mkazi. Mganga mfawidhi aliyetakiwa kutia saini akaniuliza mwenye barua anaishi na nani, nikawa sina jibu la maandishi. Ikabidi mzee arudishwe kijijini akaandikiwe upya, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa karibu nusu ya deni lenyewe. Hakurudi. Deni lake tulilibeba kwenye daftari mpaka naondoka.

Kwa hiyo barua ya mtendaji iseme: anaishi na nani, anakula kwa kazi gani, ana shamba au hana, watoto wako wapi na wana hali gani, kaya yake imo TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, au haimo. Mistari sita inatosha. Mwenyekiti akikuandikia "asaidiwe" peke yake, mrudishie kwa adabu aongeze.

Na uende siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Mgonjwa akishapewa kitanda, mmoja wenu abaki naye, mwingine aulize chumba cha ustawi wa jamii kiko wapi. Bili ikishaandikwa ofisa hana mengi ya kufanya. Bili isipoandikwa bado, anaweza kumwambia daktari kwamba huyu hana kitu, vipimo vipangwe kwa akili. Msamaha nao si lazima uwe wa yote. Unaweza kupunguziwa, au kukubaliwa kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Unachosaini, soma.

Wapo pia wanaovaa kandambili za kuazima waje kuomba msamaha, simu ya laki nane mfukoni. Tulikuwa tunawajua. Kila mmoja wenu aliyepita kwa mlango huo alimfungia mlango mtu wa Kilosa.

Mume wangu kagongwa na daladala. Hospitali wanataka PF3 kwanza. Hatuna bima. (Mbagala)

PF3 ni ya polisi, haizuii damu. Aliyeumia anahudumiwa kwanza, fomu inafuata; serikali imeshalisema hili kwa watoa huduma wake. Ukikwama, usibishane na mlinzi getini, omba kuonana na daktari wa zamu.

Lakini PF3 mkaichukue, wala msichelewe, maana ndiyo mwanzo wa madai yenu. Kila gari barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiye mume wako. Pigeni picha namba ya gari, mjue kampuni iliyokata bima, mtunze kila risiti, hata ya pamba. Na mkija kuambiwa na dereva "tuyamalize hapahapa, shika hii elfu hamsini", mguu uliovunjika hautibiwi kwa elfu hamsini.

Kijana wangu kaanguka ghorofani kwenye saiti. Bosi kasema ajitibu, hakuwa na mkataba. (Dodoma)

Bosi anakudanganya. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na matibabu ya ajali ya kazini ni sehemu ya fidia. Kukosa karatasi ya mkataba hakufuti ajira. Andikeni majina ya waliokuwa naye siku hiyo kabla saiti haijahama, muende ofisi ya WCF. Nashangaa mafundi wanajua bei ya nondo kwa kila milimita lakini herufi hizi tatu hawajazisikia.

Kujifungua si bure? Mbona nimeambiwa nije na glovu? (Nzega)

Ni bure kisera. Glovu, pamba, nyembe, mpira wa kutandika na kibanio cha kitovu utaambiwa uje navyo kwa sababu ileile niliyomweleza mzee wa Songea. Nunua mapema, kimoja kimoja, tangu mwezi wa sita wa mimba. Pesa ya kujifungulia yenyewe ukidaiwa kwenye kituo cha serikali, dai risiti. Utaona jinsi mdai anavyonywea.

Hospitali inaweza kuzuia maiti kwa sababu ya deni?

Haitakiwi, na serikali imeshakataza hadharani zaidi ya mara moja. Andikishianeni deni, mkazike.

Niko Mombasa. Dada yangu kajifungua, wamemzuia wodini mpaka tulipe.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuwafungia wanawake wawili katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni kulikuwa kinyume cha Katiba. Deni linadaiwa kama madeni mengine, mtu hafanywi rehani. Waambieni hivyo, mkiwa na shahidi. Halafu muulizeni dada kama amejisajili SHA, bima ya afya ya huko kwenu Kenya. Nalifahamu lalamiko lenu kwamba muuza mboga anadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, angalau shilingi 3,600 za Kenya, wakati yeye anapata pesa kwa siku. Ni lalamiko la haki, nami ningelipeleka kwa mbunge. Lakini usajili wenyewe haulipiwi, ufanyeni.

Sisi Zanzibar matibabu ni bure tangu Mapinduzi, bima ya nini?

Muulize aliyeandikiwa kipimo cha MRI.

Kikoba chetu kina wanawake 22. Tunaweza kulipiana CHF, mfuko wa afya ya jamii? (Morogoro)

Hatimaye swali la mtu mzima wa afya! Mnaweza, na ndiyo njia bora niliyowahi kuiona.

CHF iliyoboreshwa mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani 2,500 kwa mwezi, bei ya vocha. Dar es Salaam ilikuwa 150,000. Tatizo halikuwa ukubwa wa pesa. Tangu Igunga walipoujaribu mfuko huu katikati ya miaka ya 1990, tatizo ni kwamba pesa inadaiwa kwa mkupuo mwezi ambao ghalani hakuna kitu. Kikoba kinaliondoa hilo: mfuko wenu wa jamii unatanguliza, kila mmoja anarudisha kila wiki. Pangeni kadi zote ziishe mwezi uleule, baada ya mavuno. Ulizeni kwanza kwenye zahanati yenu ni kadi gani inayoandikishwa sasa na kwa bei gani, kwa sababu Bima ya Afya kwa Wote inabadilisha mambo. Na mkumbuke kuanzia zahanati na kupata rufaa. Mtu anayeruka moja kwa moja hospitali ya mkoa kwa mafua atakuja kuniandikia kwamba kadi ni utapeli, na sitamjibu.

Hiyo Bima ya Afya kwa Wote, maskini tutapewa bure? (Bunda)

Sheria iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inasema wasio na uwezo watagharamiwa, na imetaja mapato ya kuwagharamia: ushuru wa soda, wa pombe, wa vipodozi, michezo ya kubahatisha. Nimeisoma nikafurahi, kwa mara ya kwanza bili ya msamaha imeandikiwa mlipaji. Wakati inapitishwa, mawaziri wenyewe walikuwa wakisema wenye bima ni kama asilimia 15 ya Watanzania, na sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Piga hesabu ya waliobaki.

Hofu yangu ni orodha. Nani ataandika jina la asiye na uwezo? Mwenyekiti yuleyule wa "mtajwa hapo juu". Kikao cha kijiji kitakapoitishwa kusoma majina, nenda. Usimtume mtoto.

Ni mimi tena wa Tabata. Mdogo wangu wa kike ana kadi ya NHIF na amefanana sana na mama. Tukimwandikisha mama kwa jina lake? (Tabata)

Nilijua utarudi. Ni kosa la jinai, na kadi ya mdogo wako itafungwa naye akiwa na watoto wadogo. Tuseme mmepita. Faili la mama litabeba jina la mdogo wako, umri wake, kundi lake la damu na historia ya dawa zinazomdhuru yeye, si mama. Ijumaa mama ataingizwa chumba cha upasuaji na faili hilo.

Leo bado ni Jumatano. Chumba cha ustawi wa jamii kinafunguliwa asubuhi. Kama hakina kibao, uliza wafagiaji, wao wanakijua.