Chuo Hakitakupigia Simu: Maneno Machache kwa Wazazi Wenye Watoto Kampasi

Wazazi wenzangu, mimi ni kastodia wa hosteli Kikoni, hapa nyuma ya Makerere, na ni kazi ya miaka mingi sasa. Wengi wenu mkileta watoto mwezi wa nane ndio mimi mnaniachia namba ya simu, ati mama utaniangalizia huyu. Sawa nitamuangalia, lakini kuna vitu inabidi mvijue wenyewe maana naona mnahangaika bure na watoto wanahangaika bure, hasa nyinyi mnaotoka mbali, Arua, Busia, Kasese, ambao huyu ndio mtoto wa kwanza kwenu kuvuka S.6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, akafika chuo.

Kitu cha kwanza na ndio kikubwa kuliko vyote: chuo sio bodingi. Kule sekondari ulizoea ripoti inakuja, siku ya kutembelea watoto ipo, mtoto akitoroka hedimasta anakupigia saa hiyo hiyo. Huku hakuna. Matokeo yanatoka kwenye akaunti ya mwanafunzi kwenye intaneti, anayafungua yeye na neno lake la siri, na ukienda ofisini kuuliza watakuangalia tu maana kwao huyo ni mtu mzima, ameshapita miaka 18. Lekchara naye hajui kama mtoto wako yupo au hayupo, darasa lina watu mia tatu wengine wamekaa madirishani. Mnakasirika mnasema chuo hakijali. Labda hakijali kweli, sibishani, lakini hata kingejali hakitakupigia simu. Kwa hiyo njia ya kujua habari za mtoto ni moja tu, ni mtoto mwenyewe, na hiyo njia ukiiziba kwa ukali umebaki gizani miaka yote mitatu.

Nimeona mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, mtu mwenye heshima zake, amekuja kuuliza graduesheni ya kijana wake itakua lini ili aanze kukusanya michango. Kijana alikua hajakaa mtihani mwaka mzima. Pesa ya semista moja ilikwenda kwenye beti, akataka kuirudisha kwa beti nyingine, si mnajua inavyokwenda, alafu bila kulipa hujisajili na bila kujisajili huingii mtihani, basi akawa anaamka asubuhi anavaa vizuri anazunguka Wandegeya anarudi jioni. Na sheria ya Uganda ya michezo ya kamari ya 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kubeti, 25 sio 18, lakini pita pale barabarani uone ni nani wamejaa ndani ya maduka ya beti. Mimi kilichoniuma ni vile kijana aliniambia alijaribu kumwambia baba mapema sana, ile pesa ilipopotea tu, akaanza "mzee kuna shida kidogo ya fizi", yaani ada ya chuo, na mzee akafoka kwenye simu mpaka akakata. Angesikilizwa siku ile wangeomba dedi yia, yaani unaandikia chuo unaomba kusimamisha masomo mwaka mmoja kwa sababu, wanakupa barua, unarudi nafasi yako ipo. Ukipotea kimya kimya ndio unakuja kukuta jina halipo.

Sasa utaulizaje bila kuwa polisi? Usimuulize "unasoma?" maana jibu ni ndio, hakuna mtoto atakwambia hapana. Muulize vitu vyenye jina. Umejisajili semista hii? Una kozi ngapi? Kuna riteki, yaani kozi ya kurudia? Fungua hiyo simu tuangalie wote. Na kwa pesa, wazazi wengi hawajui hiki: vyuo vya serikali malipo yanapitia URA, ile mamlaka ya kodi, mwanafunzi anatoa namba ya malipo inaitwa PRN kwenye akaunti yake, hiyo namba anaweza kukutumia kwa meseji ukalipa mwenyewe benki au kwa mobaili mani ukiwa huko huko Koboko, hela inaingia chuo moja kwa moja, haipiti mkononi mwa mtu. Wewe unamtumia ya chakula tu. Hii peke yake ingeokoa watoto wengi sana niliowaona, na si kwamba ni wabaya, ila mtoto wa miaka 19 kushika milioni na nusu kwa siku mbili kwenye hosteli yenye marafiki ni kumtega.

Hiyo riteki niliyoitaja isiwatishe. Alama ya kufaulu kozi ni 50, akipata chini ya hapo anairudia ile kozi moja na analipia, sio kwamba amefeli mwaka. Mama mmoja alikuja hapa analia ati mtoto amefukuzwa, kumbe riteki moja ya hesabu! Cha kuogopa ni CGPA, yaani wastani wa alama zake zote, kushuka chini ya 2.0 na kubaki huko semista kwa semista, maana hapo ndipo wanaweza kumuondoa. Kipimo kinaishia 5.0, na fasti klasi, yaani digrii ya daraja la kwanza, inaanzia 4.40.

Pesa tena. Serikali inalipia wanafunzi kama 4,000 tu kwa mwaka nchi nzima, wengi kwa alama na wengine kwa kota ya wilaya, michezo na walemavu, kwa hiyo mtoto akikosa sio mjinga. Kuna mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi, ile ya HESFB iliyoanza 2014, unalipa tyusheni (ada ya masomo), fankshono (zile ada nyingine za chuo) na pesa za utafiti, lakini haulipi chumba wala chakula. Watu wanasikia "mkopo" wanadhani wamemaliza, anakuja na begi na hana pa kulala. Mtoto aombe mwenyewe akishapata nafasi chuoni, atahitaji wadhamini wenye kitambulisho cha taifa, na kuanza kurudisha ni mwaka mmoja baada ya kumaliza. Wale waliosoma vizuri na nyumbani hakuna kitu kabisa waangalie pia ile skolashipu ya Mastercard Foundation pale Makerere, hiyo inabeba mpaka malazi.

Akiumwa au akichanganyikiwa, Makerere ina hospitali yake na kituo cha ushauri nasaha, na kila chuo kina ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Ziko na ni za kwao, ila watoto wetu wanaona aibu, wanadhani kwenda kwa mshauri ni kuwa kichaa. Wewe mzazi ndio umwambie nenda. Na binti akipata mimba tafadhali msimkatie fizi, nimeona waliojifungua likizo wakarudi wakamaliza pamoja na wenzao.

Kuhusu kazi baadae nitasema kama ninavyoona mimi. Wazazi mnachagua kozi nzima ya digrii kwa jina, mnataka "loya wangu" "dokta wangu", lakini hamuulizi njia ina urefu gani. Digrii ya sheria ni miaka minne, na akimaliza bado hajawa wakili, lazima aingie LDC, kile kituo cha kufundisha mawakili, apate ile diploma ya kazi za sheria, na hiyo ina fizi zake ambazo hukuzipanga. Udaktari ni miaka mitano na mwaka wa intanshipu, yaani mafunzo ya kazini, juu yake, na intanshipu yenyewe wanaisubiri. Ualimu mnaudharau, lakini mwaka 2022 serikali ilipandisha mwalimu wa sayansi mwenye digrii wa sekondari za serikali mpaka milioni 4 kwa mwezi, wale wa sanaa wakabaki chini mpaka wakagoma, kwa hiyo hata ndani ya kozi moja masomo anayochagua yana maana sana. Na sisi wa Kiswahili tusijidharau, baraza la mawaziri mwezi wa saba 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na walimu wake bado wachache. Mtoto aliyekulia kambi ya jeshi Bombo au hapo mpakani Busia ameanza mbele ya wenzake wote.

Kabla hujalipa hata shilingi, hasa vyuo vya binafsi vyenye matangazo mazuri redioni, angalia kwenye tovuti ya NCHE, lile baraza la taifa la elimu ya juu, kama hiyo kozi imesajiliwa na usajili wake haujaisha muda. Sio chuo tu, kozi yenyewe. Mwaka 2023 ilitokea kelele kubwa ya kozi zilizoisha muda hata kwenye vyuo vikubwa.

Alafu ile likizo ndefu ya mwaka wa pili anayotakiwa kufanya intanshipu, usimuite nyumbani kuvuna. Najua shamba linamsubiri, lakini hapo ndipo anajuana na watu wa kumuita kazini baadae, wengi niliowaona wamepata kazi haraka walianzia hapo, hata kama hawakulipwa zaidi ya hela ya teksi.

Na graduesheni. Jamani, usikodi mahema, usichinje ng'ombe, usigawe kadi za michango mpaka umeona jina lake kwenye orodha ya wanaohitimu. Alama zinapotea hapa, hata za mtoto aliyesoma kweli, lekchara hakuingiza au jina lilikosewa, na kuzifuatilia kunaweza kuchukua miezi. Mwambie aanze kuzitafuta mwaka wa pili, sio wiki ya kuvaa gauni, na kila karatasi ya kozi weki, yaani kazi na majaribio ya katikati ya semista, aliyorudishiwa aitunze kwenye faili maana hiyo ndio ushahidi wake.